Ngitili na Kurudi kwa Udongo wa Shinyanga

Ngitili ni eneo la malisho ambalo Wasukuma hulifunga mvua zinapoanza, kwa kawaida Novemba au Desemba, na kulifungua kiangazi kinapokolea, Julai au Agosti, nyasi za machungio ya wazi zikiwa zimekwisha. Miezi yote ya kufungwa hakuna ng'ombe anayeingia. Siku ya kufunguliwa nayo si ruhusa ya kila mmoja kuingiza kundi lake: eneo hugawanywa vipande, kikaliwa kimoja baada ya kingine, na wanaotangulizwa ni maksai wa kulimia, ndama, ng'ombe wanaokamuliwa na wale waliodhoofu. Zipo ngitili za kaya, mara nyingi za hekta chache tu, na zipo za kijiji, za shule au za kanisa, ambazo huweza kufika hekta mia moja na zaidi. Wagogo wana desturi ya jamii hiyo wanayoiita milaga, na Wamaasai wana alalili.

Shabaha ya desturi zote hizo ni chakula cha mifugo wakati wa ukame. Wazee walioziweka hawakuwa wakizungumza habari za afya ya udongo. Udongo ulinufaika kwa sababu kinachomfaa ng'ombe wa Agosti ndicho kinachoifaa pia ardhi ya Januari, na hapo ndipo penye nguvu ya mfumo huu. Mfugaji huona faida yake mwaka uleule, hangoji miaka ishirini kama anavyoambiwa katika miradi mingi ya hifadhi.

Kuelewa ngitili inavyoponya udongo ni kuanza na tone la mvua. Tone zito la mvua ya radi likiangukia ardhi tupu huvunja mabonge madogo ya udongo. Vumbi linalotokana na kuvunjika huko huziba vitundu ambavyo maji hupitia, na jua likiwaka uso wa ardhi hukauka ukawa utando mgumu. Mvua inayofuata haizami. Hutiririka, ikichukua tabaka la juu ambalo ndilo lenye mboji na sehemu kubwa ya chakula cha mimea, na mahali inapojikusanya huanza kuchimba mifereji ambayo baadaye huwa makorongo. Mkoa wa Shinyanga, Usukumani, hupata wastani wa milimita 600 hadi 800 za mvua kwa mwaka, na nyingi huanguka kwa vishindo vichache. Kwa hiyo mashamba mawili yanayopakana, yaliyonyeshewa mvua moja, yanaweza kuwa na ukame tofauti kabisa. Mara nyingi watu wanaposema mvua imepungua, kilichopungua ni maji yanayoingia ardhini.

Jani la nyasi huvunja nguvu ya tone kabla halijafika chini. Shina lake hupunguza mwendo wa maji juu ya ardhi. Lakini kazi kubwa iko chini, kwenye mizizi. Nyasi za kudumu hupoteza sehemu ya mizizi yake kila mwaka na kuotesha mingine. Ile iliyokufa huacha njia za maji na hewa, na yenyewe ikawa chakula cha bakteria, kuvu na wadudu. Kuvu hao, pamoja na ute unaotoka kwenye mizizi iliyo hai, hugandisha chembe za udongo zikawa mabonge yasiyovunjika kwa urahisi. Mchwa, ambao mkulima huwachukia kwa sababu wanakula mabua yake, huendelea kusaga majani makavu hata kiangazi, wakati viumbe wengine wa udongo wamelala, na kutoboa njia ambazo mvua ya kwanza huzama kwazo. Mboji ikiongezeka, udongo hushika maji kwa siku nyingi zaidi baada ya mvua kukatika.

Wakati wa kufunga nao si wa bahati nasibu. Nyasi ikiliwa, huotesha jani jipya kwa kutumia akiba iliyo kwenye mizizi na shina. Ikiliwa tena kabla ya kurudisha akiba hiyo, mizizi hufupika. Mchezo huo ukirudiwa misimu kadhaa, nyasi ya kudumu hufa, na mahali pake hushikwa na nyasi za mwaka mmoja, magugu yasiyoliwa, au pasishikwe na kitu. Msimu wa mvua ndio wakati pekee ambao nyasi hujaza akiba na kutoa mbegu. Ngitili hufungwa katika miezi hiyohiyo. Nyasi ikiliwa Agosti, imekwisha kukauka na kazi yake ya mwaka imekwisha, kwa hiyo madhara ya jino la ng'ombe ni madogo. Maafisa wengi wa mifugo wa karne iliyopita walihesabu vichwa vya ng'ombe na kudai vipunguzwe, ilhali mfugaji wa Kisukuma aliuliza kwanza ni lini na wapi.

Ujuzi wake wa ardhi haukuishia kwenye nyasi. Wasukuma wana majina ya udongo yanayofuata mteremko: luseni, udongo mwepesi wa kichanga wa sehemu za juu, itogolo, wenye tabaka gumu chini linalozuia maji na mizizi, na mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni, unaopasuka nyufa kiangazi na kunata masika. Kila mmoja una zao lake na matumizi yake. Mwaka 1935 Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani huko Usambara, alipendekeza kwamba udongo wa Afrika Mashariki usomwe kwa mfuatano wake kutoka kilimani hadi bondeni, kwa kuwa maji na chembe huhama kutoka juu kwenda chini. Wazo hilo lilienea ulimwenguni na bado linafundishwa vyuoni. Mkulima wa Maswa au Kahama asingeshangazwa nalo.

Hata hivyo ardhi ya watu hao ilichakaa, na haikuchakaa kwa ujinga wao. Kati ya miaka ya 1920 na 1940 misitu ya migunga na miombo ilifyekwa kwa amri ili kuwaangamiza mbung'o, wanaoeneza malale kwa watu na nagana kwa ng'ombe. Shinyanga ndiyo iliyokuwa makao ya utafiti wa mbung'o wa Tanganyika, chini ya Charles Swynnerton, na maelfu ya watu waliitwa na watemi wao kufyeka. Mbung'o walirudi nyuma, ardhi mpya ikafunguka, ng'ombe wakaongezeka, na pamba ikachukua mashamba zaidi mwaka hadi mwaka. Miti ya kuni na ya kujengea ilizidi kusogea mbali. Baada ya Uhuru mamlaka ya watemi yalifutwa, mwaka 1963, na hivyo sauti iliyokuwa ikisimamia kanuni za malisho ikanyamaza bila nyingine kuwekwa mahali pake. Kisha ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Familia zilizokuwa zikiishi zimetawanyika, kila moja karibu na ngitili yake, zilikusanywa kijijini. Ngitili ikabaki mbali, haina mlinzi, na wakati mwingine haina mwenyewe anayejulikana. Kufikia miaka ya 1980 mkoa huu uliitwa jangwa la Tanzania.

Shinyanga inayozungumzwa hapa ni ile ya kabla ya mwaka 2012, yenye takriban kilomita za mraba 50,000, wakati Bariadi, Maswa na Meatu hazijahamishiwa mkoa mpya wa Simiyu.

Hifadhi ya ardhi kwa amri ilikuwa imekwisha kujaribiwa Usukumani, ikashindwa. Mpango wa maendeleo ya Usukuma ulioanza mwaka 1947 ulikuja na orodha ndefu ya sheria: kupunguza mifugo, kulima matuta, kutia samadi kwenye eneo lililopangwa, na faini kwa asiyetii. Mengi kati ya hayo yalikuwa na maana kitaalamu. Lakini mkulima aliyasikia kutoka mdomoni mwa mtoza faini, na chuki iliyozaliwa hapo ilikuwa mtaji mzuri kwa wanasiasa wa TANU. Uluguruni mambo yalifika mbali zaidi. Mwaka 1955 watu waliandamana kupinga matuta ya ngazi waliyolazimishwa kuchimba milimani, vurugu zikazuka, na mpango ukavunjika. Katika sehemu nyingi kazi ya hifadhi ilibaki na harufu ya ukoloni kwa muda mrefu baada ya wakoloni kuondoka.

Mwaka 1984 Rais Julius Nyerere alizuru Shinyanga, na mwaka 1986 serikali ikaanzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliofahamika kwa kifupi HASHI. Norway ilitoa fedha, na baadaye shirika la kimataifa la utafiti wa kilimo-mseto, ICRAF, likatoa utaalamu. Miaka ya mwanzo mradi ulifanya kile ambacho miradi mingi hufanya: ukajenga vitalu, ukagawa miche, mingi ikiwa ya miti ya kigeni, na kuwahimiza watu wapande. Miche katika nchi kavu inataka maji ambayo mama wa nyumbani ameyabeba kichwani kutoka mbali, na inataka kulindwa na mbuzi. Matokeo hayakulingana na gharama.

Mradi ulipokaa na wanakijiji na kuuliza wao wenyewe walikuwa wakifanya nini zamani, jibu lilikuwa ngitili. Mwelekeo ukabadilika. Maafisa waliacha kuwa wapandaji, wakawa washauri. Dagashida, baraza la jadi la Wasukuma, likaamua mipaka, tarehe za kufunga na adhabu. Sungusungu, kikosi cha wanakijiji wenyewe, wakashika ulinzi. Aliyeingiza mifugo kwenye ngitili iliyofungwa alilipa, na alijua analipa nini na kwa nani. Mwaka 1986 ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa hazikuzidi hekta 600 na kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji 833. Mwaka 2002 kazi hiyo ilitambuliwa na Umoja wa Mataifa kwa Tuzo ya Ikweta, na mwaka 2004 mradi ukafungwa.

Ongezeko la kiasi hicho lisingewezekana kwa kupanda. Liliwezekana kwa sababu msitu haukuwa umekufa. Mti uliokatwa huacha kisiki na mizizi iliyokomaa, iliyokwenda chini kuliko mche wowote utakavyofika kwa miaka mingi; kila mvua huchipua, na kila kiangazi machipukizi huliwa au huchomwa moto. Mifugo ikizuiwa na moto ukizuiwa, chipukizi hupita kimo cha mbuzi katika misimu michache. Mbegu za nyasi nazo hulala udongoni zikingoja nafasi. Migunga na miti mingine ya jamii ya mikunde hufanya zaidi ya kutoa kivuli, kwa maana mingi ina vinundu mizizini ambamo bakteria hunasa naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa mbolea. Majani yanapoanguka, mbolea hiyo hufika juu ya ardhi. Watafiti walihesabu zaidi ya aina 150 za miti, vichaka na mimea itambaayo ndani ya ngitili zilizorudi, katika mkoa uliodhaniwa kuwa hauna kitu.

Faida kwa kaya zilipimwa na timu iliyoongozwa na mtaalamu wa misitu Gerald Monela. Ilikadiria kuwa mazao ya ngitili, yaani malisho, kuni, nguzo, nyasi za kuezekea, asali, matunda, dawa na mengineyo, yalikuwa na thamani ya dola 14 za Marekani kwa mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini Tanzania ulikuwa dola 8.50. Wanawake waliokuwa wakienda mbali kutafuta kuni walipata nafuu ya saa kadhaa kwa siku. Gharama nazo zilikuwapo: vichaka viliporudi, fisi walirudi pia, na mwenye mbuzi anajua hesabu yake.

Njia ya Shinyanga inaonekana vizuri zaidi ikiwekwa karibu na ya Kondoa, mkoani Dodoma. Huko serikali ilianzisha mwaka 1973 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, kwa msaada wa Sweden. Vilima vya Irangi vilikuwa vimechimbika makorongo makubwa na mito imejaa mchanga. Matuta ya kukinga maji hayakutosha, na mwaka 1979 mifugo yote, karibu vichwa 90,000, iliondolewa kwa amri katika eneo la kilomita za mraba 1,256. Udongo ulifunikwa. Nyasi na miti vilirudi, na anayeitazama leo picha ya kabla na ya baada hana la kubisha. Bei ililipwa na Warangi, wenyeji wa vilima hivyo. Familia zilikosa maziwa, zikakosa samadi ya mashamba, na wenye mifugo wengi wakaihamishia wilaya za jirani, ambako malisho yalibanwa zaidi. Ilipita miaka kumi hivi ndipo ufugaji wa ndani, wa ng'ombe wachache wanaokatiwa majani bandani, ukaanza kuruhusiwa. Kondoa inathibitisha kuwa ardhi ikipumzishwa hupona. Haithibitishi kuwa ni lazima mwenye ardhi aumizwe ndipo ipone, na kwa hilo Shinyanga ilifanya vizuri zaidi.

Kuna mambo ambayo mapumziko peke yake hayawezi. Naitrojeni hupatikana hewani, lakini fosforasi haipatikani huko. Udongo uliochoka fosforasi kwa miaka mingi ya kuvunwa pamba na mahindi hautaipata kwa kufungwa tu. Mizizi mirefu na kuvu husaidia kuichota ile iliyofichika, lakini isiyokuwapo lazima iletwe, kwa samadi au kwa mbolea ya dukani. Wanaohubiri kwamba mbolea ya viwandani haina nafasi yoyote katika kilimo cha kurudisha uhai wa udongo wanamdanganya mkulima wa nchi kavu. Korongo lililokwisha kuchimbika nalo halizibwi na nyasi pekee. Linahitaji vizuizi vya mawe au miti, kuanzia juu linakoanzia. Na kaboni inayorudi udongoni huongezeka upesi miaka ya mwanzo, kisha hupungua kasi mpaka ikafika kikomo, jambo linalofaa kukumbukwa na kila kijiji kinachojiwa na wanunuzi wa hewa ukaa wenye mikataba ya miongo mingi.

Shambani, ambako jembe hupita kila mwaka, ngitili haiwezi kuhamishwa ilivyo, ila kanuni zake zinahamishika. Mojawapo ni kufunika ardhi, yaani kuacha mabua shambani badala ya kuyachoma. Hapo mkulima wa Usukuma ana tatizo la kweli, kwa kuwa mabua yaleyale ni chakula cha ng'ombe wa Agosti, na ushauri usiolijibu hilo haumfai. Ngitili yenye nyasi za kutosha ndiyo inayoyaachia mabua nafasi ya kubaki. Wamatengo wa Mbinga hurudisha nyasi udongoni kwa ngoro: hulaza nyasi zilizofyekwa juu ya mteremko kwa mistari inayokatana, huzifukia kwa udongo, na kuacha mashimo katikati yanayokamata maji na udongo unaoteremka. Nyasi huozea ndani ya tuta, na maharage na mahindi hupokezana juu yake. Mfumo huo umeshikilia milima yenye miteremko mikali kwa vizazi vingi bila mradi wowote.

Dodoma nako miaka ya karibuni imeenea kazi ya kisiki hai. Mkulima huchagua kisiki shambani mwake, huacha machipukizi machache yaliyonyooka na yenye nguvu, hukata mengine, hupogoa matawi ya chini, hufunga alama ili mpita njia na mchungaji wajue mti una mwenyewe, kisha hulinda. Gharama ni kisu na uangalifu. Nchini Niger, ambako mmishonari Mwaustralia Tony Rinaudo alianza kuhimiza njia hiyo miaka ya 1980 katika jimbo la Maradi, imeenea kwenye hekta zipatazo milioni tano, nyingi zikiwa kazi ya wakulima walioiga kwa jirani. Hapo pia sheria ilichangia: mti ulipoanza kuhesabiwa kuwa mali ya mwenye shamba na si ya serikali, mwenye shamba alianza kuutunza.

Umiliki ndio pia udhaifu mkubwa wa ngitili leo. Ngitili nyingi zilizorudi ni za kaya, na kaya zenye ardhi kubwa ndizo zenye uwezo wa kufunga sehemu yake. Maskini asiye na ardhi ya ziada hubaki akitegemea ngitili ya kijiji, na hiyo ndiyo inayonyemelewa kwanza. Idadi ya watu imeongezeka, vijana wanataka mashamba, mkaa una soko mjini, na kiongozi wa kijiji mwenye haraka anaweza kugawa katika msimu mmoja eneo lililofungwa kwa miaka ishirini. Udongo uliojengwa polepole hupotea kwa mvua chache baada ya kufyekwa.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inakipa kijiji mamlaka ya kutenga ardhi yake, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kutangaza msitu wa hifadhi wa kijiji. Ngitili iliyochorwa katika mpango wa matumizi ya ardhi, ikapitishwa na mkutano mkuu wa kijiji na kuwekewa sheria ndogo iliyoidhinishwa na halmashauri ya wilaya, ina pa kusimamia mahakamani. Iliyobaki kwenye kumbukumbu za wazee haina. Wenye ngitili ambazo hazijaandikwa walipeleke jambo hilo kwenye mkutano mkuu wa kijiji kabla ya mvua za Novemba, kwa kuwa baada ya hapo kila mtu atakuwa shambani.